Kumpata Mchezaji wa Sekondari kwa Ajili ya Timu ya Chuo, Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Anapiga mzazi wa Uru, anapiga mwalimu wa michezo wa Boma Ng'ombe, anapiga kijana aliyemaliza shule Arusha na kusikia kwamba chuo chetu cha hapa Moshi kinatafuta golikipa. Nimekaa kwenye benchi la ufundi la timu ya mpira wa miguu ya chuo hiki kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake ili kila mwenye haja ayasome kwa utulivu. Yanayohusu udahili na mikopo yanafuata taratibu za nchi nzima. Yanayohusu uwanja ni maoni yangu, na ninayasimamia.

Je, kocha wa chuo anaweza kumpatia mchezaji nafasi ya masomo?

Hapana. Ningependa jibu hili lisomwe kabla ya mengine yote, kwa sababu wengi wanaoumia katika shughuli hii huumia hapa.

Udahili wa shahada hufanywa na chuo kwa kufuata vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na ule wa astashahada na stashahada husimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na ufundi stadi. Katika vigezo hivyo hakuna mahali ambapo mabao huhesabiwa. Mhitimu wa kidato cha sita anayeomba shahada anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa daraja A hadi E, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo, mwenye D mbili anaweza kuomba, mwenye C na E pia anaweza, lakini mwenye D na E hawezi, hata kama ndiye aliyeifikisha shule yake fainali ya mkoa. Tena hicho ni kima cha chini tu, kwani masomo aliyofaulu lazima yaendane na programu anayoiomba, na zipo programu zenye masharti makali kuliko hayo.

Anachoweza kukifanya kocha ni kumweleza kijana hesabu hiyo angali kidato cha tano, wakati bado ana muda wa kuishughulikia, na kumkumbusha kufanya maombi yake ndani ya muda uliopangwa. Mimi nimejiwekea utaratibu wa kumuuliza mchezaji habari za masomo yake kabla sijamuuliza anacheza namba ngapi. Wapo wanaoshangaa, lakini mchezaji asiye na sifa za kudahiliwa hawezi kuichezea timu ya chuo, na kumsifia miguu yake bila kumweleza hilo ni kumpotezea muda.

Aliyeishia kidato cha nne ana nafasi?

Anayo. Mwenye ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kuomba astashahada, yaani ngazi ya nne ya NTA (mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi), kisha akaendelea hadi stashahada katika ngazi ya sita, mradi atimize pia masharti ya fani anayoitaka. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mitatu, na akiimaliza kwa wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Kwa upande wa timu, huyu ni mchezaji wa thamani kubwa, kwa sababu anakuja akiwa na miaka 17 au 18, anafundishika, na akiendelea hadi shahada katika chuo hichohicho anaweza kuvaa jezi yetu kwa miaka sita. Makocha wanaokimbilia wahitimu wa kidato cha sita peke yao wanaacha hazina mlangoni.

Mnawatafuta wachezaji wapi, na wakati gani wa mwaka?

Mahali pa kwanza ni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inayoanzia ngazi za chini, ikapanda hadi wilaya na mkoa, na kuishia kwenye mashindano ya taifa ambayo kwa kawaida huchezwa Juni. Lakini kocha wa chuo anapaswa kuielewa kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, kwa hiyo Juni wahitimu wameshaondoka shuleni, na wengi wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria. Anayeonekana uwanjani mwezi huo ni mwanafunzi wa kidato cha tano au wa vidato vya chini yake. Kijana wa kidato cha tano utakayempenda Juni ya mwaka huu ataingia chuoni Oktoba au Novemba ya mwaka ujao, yaani baada ya miezi 16 hivi. Timu inayosaka wachezaji Septemba kwa ajili ya mashindano ya mwaka huohuo imechelewa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Arusha imewahi kuwa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Safari ya kilomita 80 hivi kutoka hapa hadi kule inampa kocha wa Moshi nafasi ya kuona vijana wa Kenya na Uganda wakicheza dhidi ya wetu, na kujipima kwa haki. Hata hivyo, wachezaji wanaofika hatua hiyo huwa wameshaonwa na klabu na vyuo vingi, na chuo kidogo kinachotegemea mashindano makubwa kitarudi mikono mitupu.

Ndiyo maana nauthamini mwezi Desemba kuliko mwezi mwingine wowote. Kila mwenyeji wa Kilimanjaro anajua kwamba Krismasi watu hurudi nyumbani, na pamoja nao hurudi mabonanza ya vijiji na parokia: Kibosho, Marangu, Rombo, Machame, na kwa upande wa pili Mwanga na Same. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha Novemba, vijana hawana presha ya darasa, wanacheza na kaka zao waliotoka Dar es Salaam na wajomba waliowahi kucheza ligi. Hapo utamwona kijana wa miaka 17 akikabana na mtu mzima wa miaka 30 mbele ya babu yake, na baada ya filimbi ya mwisho mzazi yupo hapohapo pembeni, unamsalimia na kuzungumza naye uso kwa uso. Kwa wiki mbili za mwisho wa Desemba ninapata zaidi ya ninachokipata katika muhula mzima wa kuzunguka mashuleni.

Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, natembelea shule lakini sitoi uamuzi. Kiwanja cha tope kinamficha mwenye mguu mzuri na kumpamba mwenye nguvu.

Kocha anatazama nini mchezaji akiwa uwanjani?

Naanza na kiwanja chenyewe. Viwanja vingi vya shule kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru vimelala upande mmoja, na winga anayeshuka na mteremko katika kipindi cha kwanza anaonekana ana kasi ya ajabu. Kocha asiyesubiri kipindi cha pili, winga huyo anapopanda kilima, anakwenda kusajili mteremko. Mimi sijawahi kumwandika mchezaji niliyemwona kwa kipindi kimoja tu, na ninapenda nimwone angalau mara mbili: mara moja kwenye kiwanja cha nyumbani kwao, na mara moja kwenye kiwanja tambarare kisicho chake.

Jambo la pili ni kwamba mchezaji bora wa shule huchezeshwa popote shule inapozidiwa. Kijana aliyezoea kuitwa namba kumi huenda amekuwa namba kumi kwa sababu tu hakuna mwingine shuleni anayeweza kuupokea mpira bila kuupoteza, na kumbe kwa umbo lake na namna anavyotazama kabla ya kupokea, angekuwa namba sita mzuri. Kwa hiyo sihesabu chenga. Natazama anafanya nini anapokuwa hana mpira, anarudi haraka kiasi gani baada ya kuupoteza, na anamsemesha vipi mwenzake aliyekosea. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kwangu. Timu ya chuo haina mishahara wala faini za kumrekebisha mtu mwenye mdomo mbaya, na mchezaji mmoja anayewadharau wenzake anaweza kuvunja kikosi kilichojengwa kwa miaka miwili.

Pia nawahurumia wanaofika kwa majaribio kutoka Arusha. Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, wakati Moshi iko chini ya mita 1,000, na jua la hapa la Januari na Februari ni kali. Kijana aliyeshuka kwenye basi asubuhi na kuingizwa uwanjani saa saba mchana atachoka mapema, na uchovu huo hausemi lolote kuhusu uwezo wake. Majaribio yetu huanza saa kumi jioni.

Ni utaratibu gani unaofuatwa ili kocha aingie shuleni?

Anaanza ofisini kwa mkuu wa shule, siyo uwanjani. Anajitambulisha kwa barua ya chuo, anasaini kitabu cha wageni, anaeleza anachokitafuta na anaomba kukutanishwa na mwalimu wa michezo. Akitaka kuzunguka shule kadhaa za serikali katika wilaya moja, ni busara apite kwanza kwa afisa michezo wa halmashauri, ambaye mara nyingi ndiye anayejua ratiba na ndiye aliyewaona vijana hao tangu wakiwa UMITASHUMTA katika shule za msingi.

Mwalimu wa michezo ndiye mtu wangu wa kwanza katika kazi hii yote. Yeye ndiye anayejua kwamba beki fulani hutembea kilomita sita kwenda shule na bado anafanya mazoezi, kwamba mshambuliaji fulani amesimamishwa mara mbili kwa utoro, kwamba golikipa wa akiba ni bora kuliko wa kwanza ila baba yake hataki acheze. Mwalimu huyo hufundisha vipindi vyake vya kawaida, kisha jioni anabaki na mipira miwili iliyochakaa, bila posho. Kocha anayechukua mchezaji bila hata kumpigia simu ya shukrani amefunga mlango wa shule hiyo kwa miaka mitano ijayo, na ameustahili ufungwe.

Kwa nini kocha asimtafute mwanafunzi moja kwa moja kwa simu?

Kwa sababu wengi wao ni watoto mbele ya sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mazungumzo ya mtu mzima na mtoto kuhusu mustakabali wake yanapaswa kupita kwa mzazi au mlezi. Isitoshe, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kumtumia ujumbe ni kumshawishi avunje kanuni za shule yake. Vilevile haturushi mtandaoni picha wala video ya mwanafunzi bila ridhaa ya mzazi, hata kama bao lilikuwa zuri kiasi gani.

Ni ahadi zipi ambazo kocha anaruhusiwa kutoa?

Nitalijibu swali hili kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia kiungo mmoja wa kidato cha sita, mbele ya mama yake, "Nafasi yako ipo." Mimi nilikuwa na maana ya nafasi ndani ya timu. Wao walisikia nafasi ndani ya chuo. Kijana akatulia, hakuomba chuo kingine chochote, na matokeo yalipotoka alikuwa na prinsipo moja. Kwa cheti chake cha kidato cha nne angeweza kuianza njia ya stashahada mahali pengi, lakini alipotambua kwamba nafasi niliyoisema haikuwa ile aliyoifikiria, muda wa maombi ulikuwa umekwisha. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiendesha bodaboda ya mjomba wake. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Nilimwamkia mama, akaniitikia marahaba, akanipa kigoda nikakaa, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, mtoto alikuamini wewe kuliko karatasi."

Tangu siku hiyo simwambii mchezaji neno lolote ambalo siwezi kuliandika. Anayealikwa hupewa barua ya Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, inayosema kwamba tumemwona na tungependa acheze kwetu, kwamba udahili utategemea matokeo yake na taratibu za chuo, kwamba anashauriwa kuomba vyuo vingine pia, na kwamba barua hiyo haimfungi yeye wala mzazi wake kwa namna yoyote. Nakala moja hubaki kwa mzazi, nyingine kwa mwalimu wa michezo. Wenzangu wa vyuo vingine wameniambia kwamba barua hiyo inawafukuza wachezaji, kwa kuwa kijana anayeahidiwa mambo makubwa kwingine hataichagua. Nakubali kwamba imetugharimu wachezaji. Sitaiacha.

Je, mchezaji hulipiwa ada au kupewa mkopo kwa sababu ya mpira?

Mkopo wa elimu ya juu hutolewa na HESLB, bodi ya mikopo, kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji na masharti mengine ya bodi, na mpira haumo katika masharti hayo. Mwombaji ajiandae mapema: cheti chake cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi mmojawapo amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Nimewaona vijana waliocheza vizuri UMISSETA wakikosa bumu, yaani fedha za mkopo, si kwa kukosa sifa bali kwa sababu uhakiki wa cheti ulianza wiki ya mwisho ya maombi. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 bodi imetoa mikopo pia kwa baadhi ya fani za stashahada, kwa hiyo anayepitia njia ya kidato cha nne aangalie kama fani yake imo.

Vyuo vinaweza kuwa na utaratibu wao wa kumpunguzia ada mwanafunzi. Mzazi akiambiwa upo, aombe barua yenye mhuri inayotaja kiasi, muda na kinachoweza kuusitisha. Kauli ya kocha, hata ikiwa ya dhati, haitambuliki kwenye dirisha la mhasibu.

Nasikia vyuo huchezesha mamluki. Je, ni kweli, na mna msimamo gani?

Ni kweli kwamba jambo hili lipo, na kila aliyewahi kukaa jukwaani kwenye mashindano ya vyuo amewahi kumwona mtu wa miaka 30 akivaa jezi ya mwaka wa kwanza. Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi anayeletwa kwa ajili ya mashindano, mara nyingi kutoka timu za mtaani au ligi za mkoa, akapewa jina au kitambulisho cha mwanafunzi halisi, akacheza kwa wiki moja na kuondoka na nauli.

Hoja ya wanaofanya hivyo ni kwamba wengine nao wanafanya. Mimi naona chanzo chake ni kalenda niliyoieleza hapo juu. Kocha ambaye hakwenda UMISSETA, hakupanda Kibosho Desemba, hakuzungumza na mwalimu yeyote wa michezo, ifikapo wiki ya mashindano hana beki wa kati, na mkuu wake anataka kombe. Anachobaki nacho ni namba ya simu ya mtu wa mtaani. Anayelipa gharama ni yule mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefanya mazoezi miezi minane alfajiri kabla ya vipindi, ambaye jina lake linasomwa kwenye benchi ili mgeni acheze nafasi yake. Nimemwona kijana wa namna hiyo akivua viatu na kuvifunga pamoja kwa kamba bila kusema neno, na hakurudi mazoezini tena.

Orodha yetu ya wachezaji, iwe ni kwa mashindano ya vyuo ya SHIMIVUTA, yale ya vyuo vikuu ya TUSA au mechi ya kirafiki tu, hupelekwa kwanza kwa Mshauri wa Wanafunzi ikiwa na namba za usajili, na jina ambalo halimo katika daftari la chuo linafutwa. Tumefungwa mabao mengi kwa utaratibu huo.

Mchezaji aliyesajiliwa na klabu au akademi anaweza kuichezea timu ya chuo?

Anaweza kuwa mwanafunzi wetu bila kikwazo, lakini usajili wake wa klabu unasimamiwa kwa kanuni za TFF, shirikisho la mpira wa miguu nchini, na yapo mashindano yenye masharti yake kuhusu wachezaji wa ligi. Anachotakiwa kufanya ni kutueleza mapema, akiwa na nakala ya mkataba kama anao, ili tuzungumze na klabu yake. Anayeficha hutugharimu pointi, naye huingia kwenye mgogoro na klabu yake.

Je, mnatafuta pia wachezaji wa kike?

Ndiyo, na kwa nguvu zaidi kila mwaka. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India, na mwaka 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF huko Durban. Baada ya hapo wazazi wengi niliokuwa nawabembeleza walianza kunipigia wao.

Ugumu wetu Kilimanjaro ni kwamba shule nyingi bado zinampeleka msichana kwenye mpira wa pete tu. Kwa hiyo mimi huenda kuangalia pete na mpira wa mikono. Mchezaji wa pete anajua kuruka, kudaka mpira wa juu na kusoma nafasi katika eneo dogo, na magolikipa wawili bora niliowahi kufanya nao kazi walitoka huko. Katika safari za kuwatafuta wasichana hatuendi wanaume peke yetu: meneja wa timu ya wanawake huwa mbele, ndiye anayezungumza na mzazi na matroni, na majaribio hayafanyiki mahali pasipo na chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa. Mzazi anayeuliza maswali mengi kuhusu jambo hili tunamheshimu, na ninamwomba aulize hayohayo kwa kila timu itakayomwita binti yake.

Mpira hautamharibia mwanangu masomo?

Unaweza, kama hausimamiwi. Tunafanya mazoezi siku nne kwa wiki, na wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula tunasimama kabisa. Mwenye sapu, yaani mtihani wa kurudia, hasafiri na timu mpaka aifanye. Mzazi anayo haki ya kunipigia na kuniuliza kama mwanawe anahudhuria vipindi, na nina wajibu wa kujua jibu.

Mwanangu ni Msabato na hachezi Jumamosi. Ataachwa?

Hataachwa. Wachezaji wetu kutoka milima ya Upare ni Wasabato kwa sehemu kubwa, na tumekuwa na manahodha miongoni mwao. Tunachoomba ni kuambiwa mwanzoni, kwa sababu mechi nyingi za vyuo hupangwa mwisho wa wiki na tunalazimika kuandaa mbadala wa nafasi hiyo mapema. Vivyo hivyo kwa wanaofunga Ramadhani, ambao ratiba yao ya mazoezi tunaipanga pamoja nao.

Ikitokea ameumia, nani anamtibu?

Wanafunzi wa vyuo hupaswa kuwa na bima ya afya, wengi wao kupitia NHIF, na hakuna anayeingia mazoezini kwetu kabla hatujaona kadi yake. Katika siku ya majaribio kijana huyo bado si mwanafunzi wetu, kwa hiyo chuo hubeba gharama ya huduma ya kwanza na usafiri wa kumfikisha hospitali ya Mawenzi au KCMC, na hilo limeandikwa kwenye fomu ambayo mzazi anasaini. Jeraha la goti ndilo ninaloliogopa zaidi. Kijana anayetueleza kwamba goti "linateguka" mara kwa mara hatumruhusu kucheza siku hiyo, hata akisisitiza, mpaka aonwe na daktari.

Kuna mtu anasema anaweza kumpeleka mwanangu kucheza chuo Marekani kwa malipo. Nimwamini?

Kuwa mwangalifu sana, mzazi. Ni kweli kwamba vyuo vya Marekani vinatoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji, jambo ambalo kwetu si la kawaida, lakini si vyote: vyuo vya daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha huko, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Ufadhili ukiwepo hutoka kwa chuo chenyewe kwa maandishi, na chuo kitataka matokeo ya shule na uwezo wa Kiingereza kabla ya kitu kingine. Kwa anayetaka kumpeleka mtoto katika klabu ya nje, kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na wakala anatakiwa awe na leseni. Mtu anayedai fedha za "usajili" kabla hujaona barua ya chuo, usimpe hata shilingi. Leta karatasi zake chuoni tuzisome pamoja, hatutakutoza chochote.

Siku ya majaribio mchezaji alete nini?

Alete viatu vyake, soksi, maji, nakala ya matokeo au taarifa ya maendeleo ya shule, na fomu iliyosainiwa na mzazi. Asiye na viatu aseme siku mbili kabla, kwani tunavyo vya kuazima, na hakuna atakayejua isipokuwa mtunza vifaa.

Asipochaguliwa, atajulishwa?

Atajulishwa, ndani ya siku saba, kwa simu kupitia mzazi au mwalimu wa michezo, na ataelezwa sababu. Huwa ninapiga mwenyewe. Kama kuna nafasi nyingine ninayoifahamu, kwa mfano timu ya mtaani kwao inayohitaji beki au chuo jirani kinachofundisha fani anayoipenda, namtajia. Yule kiungo wa prinsipo moja aliingia stashahada katika chuo kingine mwaka uliofuata, na mara mbili amecheza dhidi yetu. Sasa anafundisha timu ya shule ya sekondari kule kwao, na Desemba iliyopita alinipigia kunieleza kwamba ana namba tatu wa kidato cha nne anayenifaa, na kwamba cheti cha kuzaliwa cha kijana huyo kimeshahakikiwa.